Efekti ya feiza au flanja uliyoibadili iongozwe kwa mguu: dalili, vyanzo na tiba

Feiza, flanja na korasi ni efekti za gitaa zinazoifanya sauti iyumbe, na nyingi zina oskileta ndani yake: sehemu ndogo ya saketi inayopandisha na kushusha volti polepole, na volti hiyo ndiyo inayosogeza sauti huku na huku bila mpigaji kugusa kitu. Kuibadili efekti iongozwe kwa mguu ni kuipokonya oskileta kazi hiyo na kuikabidhi kwa potenshiomita (rezista ya miguu mitatu inayobadilika ukiizungusha) iliyo ndani ya kanyagio. Faida yake ni kubwa. Unaweza kuisimamisha sauti pale inapopendeza, ukaifungua pamoja na noti ndefu, ukaifunga kabla ya ubeti unaofuata. Watengenezaji wenyewe waliliona hilo mapema: katika miaka ya 1970 Electric Mistress ya Electro-Harmonix ilikuja na swichi ya Filter Matrix inayosimamisha oskileta, ili mpigaji achague mwenyewe mahali pa kuiacha sauti.

Badiliko lenyewe si gumu. Unainua upande mmoja wa rezista inayotoka kwenye oskileta, unaweka swichi, kisha unaleta waya wa kanyagio. Kazi inakuja baadaye, kitu kinapokataa. Hitilafu zinazolalamikiwa mara kwa mara ni zilezile, na nyingi zina mzizi mmoja: waya ulikatwa kabla ya kupima oskileta ilikuwa inatoa volti ngapi. Kwa hiyo hata kama umeshakata, anzia hapa.

Vipimo viwili kabla ya kutafuta ubaya

Rudisha swichi upande wa oskileta, au unganisha kwa muda ulipokata kwa waya wenye vibanio. Shusha kitufe cha mwendo (Rate) hadi chini kabisa na upandishe cha kina (Depth) hadi juu. Weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye ardhi ya saketi, mwekundu kwenye mguu wa opampu (chipu ya kukuza volti) ambako wimbi la oskileta linatokea. Utaona namba zinapanda na kushuka taratibu. Andika ya chini kabisa na ya juu kabisa. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo dirisha lako, na kanyagio linatakiwa kucheza ndani ya dirisha hilo tu.

Kipimo cha pili ni volti ya chanzo utakachokipa kanyagio. Pima ukiwa na betri mpya, kisha na betri iliyochoka. Zikitofautiana sana, hicho si chanzo kizuri. Tafuta kwenye bodi mahali palipotulizwa kwa diodi ya zena au kwa regyuleta.

Ikiwa efekti yako inatumia transista za JFET, kama MXR Phase 90, usipimie kwenye geti zake, yaani miguu inayoziongoza. Geti hupokea volti kupitia rezista za megaomu kadhaa, na multimita ya kawaida, yenye ukinzani wa megaomu 10 hivi, huivuta volti hiyo chini mara inapogusa. Utaandika namba isiyo ya kweli na kupotea kuanzia mwanzo.

Dalili: unakanyaga, sauti haisogei kabisa

Chanzo cha kwanza ni kebo. Kanyagio linahitaji kebo ya sterio, yenye ncha, pete na shina. Ukichomeka kebo ya kawaida ya gitaa, pete na shina zinagusana ndani ya soketi. Kama pete ndiyo inayobeba volti ya chanzo, umeiunganisha moja kwa moja na ardhi. Ndiyo maana kila badiliko la aina hii linapaswa kuwa na rezista ya 1k kati ya chanzo na soketi. Bila hiyo, kosa la kebo linaweza kuichoma rezista inayoilisha diodi ya zena au njia ya bodi.

Cha pili ni mpangilio wa nyaya ndani ya kanyagio lenyewe, kwa sababu watengenezaji hawakukubaliana. Roland EV-5, yenye potenshiomita ya 10k, huweka mguu wa kati wa potenshiomita, ule unaotoa volti inayobadilika, kwenye ncha. Yamaha FC7, yenye 50k, huuweka kwenye pete. Usikisie kwa kuangalia jina. Chomoa kebo kwenye efekti, weka multimita kwenye ohm, gusa ncha na pete na shina mbilimbili huku ukikanyaga. Jozi ambayo ukinzani wake haubadiliki sana ndiyo miguu miwili ya pembeni. Kiungo kilichobaki ndicho mguu wa kati.

Kebo na kanyagio vikiwa sawa, fungua efekti na upime volti kwenye mguu wa kati pale unapoingia kwenye swichi. Inabadilika ukikanyaga? Kama haibadiliki, ubaya uko kwenye soketi, kwenye lehemu, au chanzo hakifiki. Kama inabadilika hapo lakini sauti imetulia, songa mbele hatua moja na upime upande wa pili wa swichi. Swichi ndogo za miguu mitatu huharibika kwa urahisi lehemu ikichelewa juu yake: plastiki inalainika, mguu wa kati unahama, na kwa nje haionekani.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hukiruka kwa sababu ni chepesi mno. Katika efekti nyingi kitufe cha kina kiko baada ya oskileta. Ukiingiza kanyagio kabla ya kitufe hicho nacho kimeshushwa hadi sifuri, utakanyaga mchana kutwa. Kipandishe kwanza.

Ikiwa yote hayo ni mazima na hata oskileta ikirudishwa haisogezi sauti, basi badiliko si la kulaumiwa. Kwenye feiza ya JFET, shuku trima ya bayasi, yaani potenshiomita ndogo ya bisibisi inayopanga volti ya msingi ya transista. Kabla ya kuigusa, weka alama ya kalamu mahali ilipo. Izungushe polepole sana. Eneo ambalo transista zote nne zinafanya kazi pamoja ni jembamba, na ukilipita kidogo tu efekti inaonekana imekufa.

Dalili: sauti inasogea mwishoni mwa mkanyago tu, sehemu iliyobaki imekufa

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndipo vile vipimo vya mwanzo vinapolipa.

Mara nyingi kanyagio limeunganishwa kati ya volti 9 na ardhi moja kwa moja. Sasa chukua oskileta iliyokuwa inacheza kati ya volti 2.0 na 3.4. Dirisha ni volti 1.4, ilhali kanyagio linatembea volti 9 nzima. Sehemu yenye uhai ni chini ya moja ya sita ya safari ya mguu. Kwingine kote saketi imeshagonga ukuta.

Tiba ni kuweka rezista mbili, moja juu ya potenshiomita na moja chini yake, ili safari nzima ya mguu iangukie ndani ya dirisha. Hesabu yake ni fupi. Kwa potenshiomita ya 10k, volti 1.4 zinahitaji mkondo wa miliampia 0.14. Rezista ya chini ibebe volti 2.0: 2.0 gawanya kwa 0.14 ni karibu 14.3k. Ya juu ibebe zilizobaki, 9 toa 3.4, yaani 5.6, gawanya kwa 0.14, unapata 40k. Thamani zinazopatikana ni 15k na 39k, na zitakupa takriban volti 2.1 hadi 3.5. Kwa masikio, hiyo inatosha. Ukitaka kurekebisha kwa sikio, weka trima za 25k chini na 50k juu, uzianzishe kwenye thamani ulizokokotoa.

Makanyagio mengi hayazungushi potenshiomita yake mwanzo hadi mwisho. Meno au mkono wa ndani unaishia njiani. Ukiona dirisha bado linatumika nusu tu hata baada ya rezista, pima ukinzani kati ya mguu wa kati na wa pembeni ukiwa umekanyaga mwisho, kisha ukiwa umeachia. Tumia tofauti hiyo katika hesabu badala ya 10k iliyoandikwa kwenye potenshiomita.

Ikiwa sauti inasogea kote lakini imesongamana upande mmoja, angalia aina ya potenshiomita. Ya logi husonganisha. Ya lineari hugawa sawasawa. Potenshiomita ya kanyagio la wah ina mkunjo wake wa pekee, na ukiitumia hapa tarajia hali hiyo. Binafsi napendelea ya lineari kila mara, kisha mguu wenyewe ujifunze.

Chanzo cha mwisho, kisicho cha kawaida ila chenye kuchosha: umeingiza waya mahali pasipo pake. Kwenye feiza ya JFET, waya wa kanyagio uingie *kabla* ya ile rezista kubwa iendayo kwenye geti, palepale ilipokuwa oskileta. Ukiuingiza baada yake, kanyagio linaizidi nguvu trima ya bayasi, na urekebishaji wote wa kiwandani unafutika.

Dalili: kukwaruza, mvumo, au redio ndogo ndani ya sauti

Tenganisha kwanza. Kanyaga bila kupiga nyuzi. Kelele inayotokea mguu ukisogea tu ni ya potenshiomita. Iliyopo hata mguu ukitulia ni ya waya au ardhi.

Kwa mkwaruzo, jaribu kusafisha potenshiomita kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme, uikanyage mara nyingi ikiwa bado mbichi. Zinazofunguka husafishika vizuri, zilizozibwa badilisha. Kisha ongeza kichujio: rezista ya 10k kwenye waya wa mguu wa kati, na kapasita ya mikrofaradi 1 kutoka hapo kwenda ardhini. Inalainisha mirindimo midogo bila mguu kuhisi ucheleweshaji. Kichujio hiki kiwe ndani ya efekti, karibu na swichi, kisiwe ndani ya kanyagio.

Mvumo unaosikika muda wote unatokana zaidi na shina la kebo lililokatika au lililolehemewa upande mmoja tu. Tikisa kebo karibu na plagi zote mbili usikie. Halafu angalia thamani ya potenshiomita: ya 500k pamoja na kebo ndefu ni antena nzuri mno, na ndiyo inayoleta redio. Shuka hadi 10k au 50k, na uweke kapasita ya nanofaradi 100 kwenye soketi kati ya waya wa mguu wa kati na ardhi.

Kuna mvumo wa aina moja unaotaka tahadhari. Baadhi ya efekti za zamani hutumia transista za PNP na ardhi chanya, yaani upande chanya wa umeme ndio ardhi. Soketi ya chuma ikigusa kasha, unaweza kuunganisha vitu visivyotakiwa kukutana, hasa ukishiriki usambazaji wa umeme na efekti nyingine. Tumia soketi ya plastiki iliyotengwa na kasha, na uipe efekti hiyo umeme wake peke yake.

Dalili: unaongoza kwa mguu, lakini "tik, tik" ya oskileta bado inasikika

Kuhamisha swichi hakuizimi oskileta. Kunaikata tu na njia ya sauti. Yenyewe inaendelea kugonga huko nyuma, na kila inapogeuka inavuta mkondo wa ghafla kwenye nyaya za umeme. Zamani mawimbi ya efekti yalikuwa yanaufunika mlio huo. Sasa sauti imetulia, unausikia.

Angalia kwanza nyaya zako mpya. Waya wa kanyagio uliolala kando ya waya wa oskileta huokota mlio. Uhamishe, au tumia waya wenye shina. Pili, tenga umeme wa oskileta kwa rezista ya ohm 100 na kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na mguu wa umeme wa opampu yake. Tatu, kama opampu ya oskileta ni ya aina mbili-katika-chipu moja na iko kwenye soketi, ibadilishe na inayovuta mkondo mdogo, kama TL022 au TL062. Tiba hii inajulikana sana na hufanya kazi. Njia ya uhakika kabisa ni kutumia swichi ya miguu sita: upande mmoja unahamisha volti ya kuongoza, wa pili unaunganisha pamoja miguu ya kapasita ya muda ya oskileta ili isimame kabisa.

Dalili: flanja inapiga filimbi au sauti inapotea upande mmoja wa mkanyago

Hapa ni mambo ya saa. Flanja ya analogi hupitisha sauti kwenye chipu ya ucheleweshaji yenye hatua nyingi, ikisukumwa na mapigo ya saa. Ucheleweshaji ni idadi ya hatua gawanya kwa mara mbili ya kasi ya saa. Chipu ya hatua 1024, kama MN3007 au MN3207, kwa saa ya kiloherzi 100 huchelewesha milisekunde 5.12. Ukiishusha saa hadi kiloherzi 20, unafika milisekunde 25.6, na saa yenyewe imeshaingia kwenye eneo ambalo sikio linasikia. Hiyo ndiyo filimbi.

Kwa hiyo kanyagio linaipeleka saa chini kuliko oskileta ilivyowahi kuipeleka. Ongeza rezista upande wa filimbi hadi ikome, basi. Usianze kuongeza vichujio vya sauti. Utaua mng'ao wa efekti kwa kosa ambalo si lake. Upande wa pili, sauti ikipotea ghafla, saa imesukumwa nje ya uwezo wake au imesimama. Tiba ni ileile, kwenye ncha ya pili ya potenshiomita.

Flanja yenye kitufe cha Manual, kama Boss BF-2, ina njia safi zaidi: shusha kina hadi sifuri na upeleke miguu ya potenshiomita ya Manual kwenye soketi ya kanyagio. Hukati oskileta, na mipaka ya kiwanda inabaki ilivyo, mradi kanyagio liwe na thamani ileile.

Ukibadilisha chipu hizi, soma herufi mara mbili. MN3207 ni ya volti ndogo kuliko MN3007, na chanya na hasi ya umeme wake ziko kinyume. Kuzibadilishana kunaweza kuziua.

Dalili ndogondogo

*Mwelekeo umegeuka*, yaani kukanyaga kunafunga badala ya kufungua: badilishana miguu miwili ya pembeni ya potenshiomita. Rezista za mipaka zibaki palepale, ya juu upande wa chanzo na ya chini upande wa ardhi, la sivyo dirisha litahama.

*Mlipuko ukibonyeza swichi*: volti inaruka kutoka ilipokuwa oskileta hadi lilipo kanyagio. Kapasita ile ya mikrofaradi 1 inalainisha. Ikihamishwa ikae baada ya swichi, inalainisha zaidi.

*Sauti inaufuata mguu kwa kuchelewa*: kapasita ya kuchujia ni kubwa mno. Rezista ya 100k na mikrofaradi 10 ni sekunde nzima. Lakini kama efekti yako ni ya ukoo wa Uni-Vibe, yenye taa katikati ya rezista nne za mwanga, uzito huo ni wa asili. Taa inapoa polepole, rezista za mwanga nazo hurudi gizani polepole zaidi. Usihangaike kuuondoa, ndio utamu wake.

*Efekti ya chipu za LM13700 au CA3094 imenyamaza baada ya kuunganisha*: huenda mguu wa kati ulienda moja kwa moja kwenye mguu wa mkondo wa chipu. Mguu huo unaongozwa kwa mkondo, na kwa LM13700 kikomo ni miliampia 2. Lazima rezista iwepo kati yake na kanyagio, ileile iliyokuwa ikitumiwa na oskileta. Ikiwa haikuwepo hata kwa sekunde chache, jaribu chipu nyingine kabla ya kupima kitu kingine chochote.

Simama hapa, mpe fundi

Kitu kikipata joto au kikitoa harufu, chomoa umeme papo hapo na usiwashe tena "kuona kama kimepona". Betri mpya ikiisha kwa dakika chache, kuna njia fupi. Tafuta umeme ukiwa umezimwa, kwa kipimo cha ohm.

Efekti yenye waya wa umeme wa ukutani na transfoma ndani, kama Uni-Vibe ya asili au A/DA Flanger ya miaka ya 1970, usiifungue kama hujafundishwa kazi ya umeme wa nyumba. Volti zilizo kwenye swichi na fyuzi zake zinaua, na kebo ya kanyagio inaweza kuzileta hadi miguuni kwako waya mmoja ukilegea ndani. Hapo fundi wa vifaa vya sauti ahakikishe kwanza kwamba kasha limeunganishwa na waya wa usalama, ndipo soketi mpya itobolewe.

Njia ya shaba ikibanduka kwenye bodi, weka pasi chini. Moja inarekebishika kwa waya mwembamba. Tatu zilizobanduka kwa kulazimisha zinaigeuza bodi kuwa ya kutupa, hasa kama ni ya zamani na adimu.

Na efekti za dijitali: oskileta yake ni programu, haina waya wa kukata. Kinachowezekana ni kuongoza kitufe kilichopo kwa kukiunganisha na kanyagio, ukitumia volti ileile inayokilisha kitufe hicho, mara nyingi 3.3. Pima kwanza. Volti 9 kwenye mguu wa prosesa zinaiharibu papo hapo, na prosesa yenye programu ya kiwanda haiuzwi dukani kama transista.